Umefuta jina, video bado imo

Swali: Assalamu alaykum, Mwalimu. Mimi ni binti wa Langoni, Lamu, napiga video za harusi upande wa wanawake. Bibi harusi mmoja, baada ya kumkabidhi nakala yake, aliniomba nifute video ya siku yake ya hina. Ilikuwa gigabaiti 58, imo kwenye diski yangu ya nje ya terabaiti 1. Siku niliyoihamisha kutoka laptopu kuja kwenye diski hiyo nilisubiri zaidi ya nusu saa. Nilipoifuta, na pipa la taka nikalimwaga, ilitoweka kufumba na kufumbua. Nimemwambia haipo tena. Sasa nataka kuiuza diski hiyo ninunue kubwa zaidi, na roho inanisuta. Imekwenda wapi kwa haraka namna ile?

Jibu: Waalaykum salaam, mwanangu. Nianze na lililo zito: usiiuze diski hiyo, wala usimwazime mtu hata kwa siku moja. Video ya hina bado imo, pengine yote, na kijana yeyote mwenye programu ya kurejesha mafaili anaweza kuitoa akiwa amekaa barazani, kabla ya magharibi. Wewe hukumdanganya mteja wako. Ulionyeshwa folda tupu ukaamini macho yako, kama wengi tunavyoamini. Roho yako imekusuta kwa haki, na hesabu uliyoifanya, nusu saa kuingia na sekunde moja kutoka, ndiyo hesabu sahihi kabisa ya kuanzia.

Folda unazoziona kwenye kioo hazimo ndani ya diski kwa umbo lile. Hakuna kisanduku humo kilichoandikwa Harusi chenye kisanduku kidogo kilichoandikwa Hina. Diski ni vipande vilivyopangwa mfululizo na kupewa nambari: kipande cha 0, cha 1, cha 2, na kuendelea. Kwa desturi ya zamani kila kipande kinabeba baiti 512, na diski nyingi za sasa zinatumia vipande vya baiti 4,096. Ukihesabu kwa vile vya 512, diski yako ya terabaiti 1 ina vipande karibu bilioni 2, na hakuna hata kimoja kinachojua kama kimebeba uso wa bibi harusi au risiti ya mafuta ya boti. Kazi ya kuvipa maana vipande hivyo ni ya mfumo endeshi, iwe Windows, Linux au Android, kupitia kile tunachokiita mfumo wa mafaili.

Hapo kwenu Lamu unalijua jambo hili tangu utotoni. Mgeni akifika Mkomani na karatasi yenye nambari ya kiwanja, atazunguka vichochoroni mpaka achoke. Akiuliza nyumba ya Bi fulani, ile iliyo nyuma ya msikiti, mtoto wa miaka saba atamshika mkono hadi mlangoni. Nambari ya kiwanja iko kwenye rejesta ya ardhi, jina liko midomoni mwa watu, na nyumba yenyewe, mawe ya matumbawe na boriti zake, ni kitu cha tatu. Nyumba ikiuzwa, mwenyewe mpya ataipa jina jingine na hakuna jiwe litakalosogea. Na siku watu wakilisahau jina lake kabisa, kuta zitabaki zimesimama pale pale.

Kompyuta nayo imetenganisha vitu hivyo vitatu, na imefanya hivyo kwa muda mrefu. Mwaka 1965 Robert Daley na Peter Neumann walieleza mfumo wa mafaili wa Multics, mfumo endeshi wa kompyuta kubwa za wakati ule, ambamo saraka inaweza kubeba saraka nyingine, mti mzima ukichipuka kutoka mzizi mmoja. (Saraka ndiyo hiyo hiyo folda, nitatumia yote mawili.) Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie, walioshiriki kwenye Multics, wakaanza mfumo endeshi wa Unix katika maabara za Bell kule Marekani, na humo wakafanya uamuzi ambao mpaka leo nauona kuwa wa busara kubwa: jina la faili halikai pamoja na faili. Kila faili lina inodi, yaani kadi ndogo yenye nambari, na kadi hiyo inaeleza ukubwa wa faili, mwenyewe, nani anaruhusiwa kulisoma, lini lilibadilishwa, na vipande gani vya diski vimebeba yaliyomo. Jina halimo kwenye kadi. Jina limo kwenye saraka.

Na saraka yenyewe ni faili pia, faili dogo lisilo na kitu ila orodha. Katika toleo la saba la Unix, la mwaka 1979, kila mstari wa orodha hiyo ulikuwa na baiti 16 tu: 2 za nambari ya inodi na 14 za jina. Basi. Kama folda yako ya Harusi ingefunguliwa katika mfumo ule, ndani yake usingeiona video hata moja. Ungeona 4127 na pembeni yake hina.mp4, chini yake 4130 na kupamba.mp4, chini yake 4131 na fungate.mp4, kama daftari la muuza duka. Mfumo ukitaka kuifungua video ya hina unaanza kwenye mzizi, ambao inodi yake ni nambari 2 (hata leo kwenye ext4, mfumo wa mafaili wa Linux, ni 2), unasoma orodha ya mzizi mpaka upate neno Harusi na nambari yake, unakwenda kwenye kadi hiyo, unasoma orodha ya Harusi mpaka upate hina.mp4, unakwenda kwenye kadi 4127, na kadi hiyo sasa ndiyo inayoutuma kwenye vipande vya video. Ile njia ndefu unayoiona juu ya dirisha, yenye majina na alama za mkwaju katikati, ni maelekezo ya safari hiyo tu, kituo baada ya kituo.

Kwa mpango huu kadi moja inaweza kuwa na majina mawili katika saraka mbili tofauti, kama nyumba ambayo wazee wanaijua kwa jina la bibi na wageni wanaijua kwa jina la mwenyewe mpya. Kadi inaweka hesabu ya majina yake. Ukifuta jina moja, hesabu inapungua kutoka 2 hadi 1 na faili linabaki zima. Hesabu ikifika 0, na pasiwe na programu iliyolifungua, ndipo mfumo unapotangaza kwamba vipande vyake viko huru. Ndiyo maana amri ya ndani ya Unix ya kufuta faili haina maana ya kufuta. Maana yake ni kufungua kiungo: kulitenga jina na kitu.

Windows ilipita njia yake. MS-DOS ya mwaka 1981, mfumo endeshi uliotangulia Windows, haikuwa na saraka ndani ya saraka. Mafaili yote yalilala kwenye orodha moja, na ni toleo la 2.0 la mwaka 1983 lililoleta mti. Leo diski ya Windows huwa na mfumo wa mafaili uitwao NTFS, uliotoka mwaka 1993, ambayo ina rejesta kuu na ndani yake kila faili lina ukurasa wake, kwa kawaida wa baiti 1,024. Diski za nje na kadi za kamera mara nyingi zina mfumo mwingine, exFAT, na kadi za gigabaiti 32 kushuka chini huja na FAT32, ambayo haipokei faili la gigabaiti 4 au zaidi. Ndiyo sababu kamera yako ikiwa na kadi ndogo huikata video ndefu vipande vipande, na ndiyo sababu flashi yenye nafasi ya gigabaiti 16 inaweza kuikataa video ya gigabaiti 5. Mifumo hii inatofautiana katika mengi, lakini katika hili la kwetu ni ndugu: orodha iko huku, yaliyomo yako kule.

Sasa fanya jaribio dogo ukitumia diski nyingine, si hiyo. Chukua video kubwa yoyote, ikate kwenye folda moja uibandike kwenye folda nyingine ndani ya diski hiyo hiyo. Itahama mara moja, hata ikiwa ni gigabaiti 100, kwa kuwa hakuna kipande kilichosogea. Mstari mmoja umefutwa kwenye orodha hii na kuandikwa kwenye orodha ile. Halafu ikate uibandike kwenye flashi. Hapo utasubiri, maana flashi ina vipande vyake na rejesta yake, na kila baiti lazima isomwe huku iandikwe kule. Nusu saa yako ilikuwa ya kubeba mawe. Sekunde yako ilikuwa ya kukata jina.

Pipa la taka nalo ni folda, imefichwa kwenye mzizi wa diski. Unapotupa faili humo, Windows inalipa jina jipya linaloanza na $R, na kando yake inaandika faili dogo linaloanza na $I, lenye njia ya zamani ya faili hilo, ukubwa wake na saa lilipotupwa, ili ukitaka kulirudisha lijue kwao. Kwa hiyo kulitupa ni kulihamisha. Angalia nafasi ya diski kabla na baada ya kutupa, utaona haikuongezeka.

Uliposema ulilimwaga pipa, ndipo kilipotokea kitu kwenye rejesta, na kitu chenyewe ni kidogo mno. Tuseme diski yako ina exFAT yenye mpangilio wa kawaida, ambapo vipande hukusanywa katika mafungu ya kilobaiti 128. Mfumo una ramani, na kwenye ramani kila fungu lina biti moja: 1 maana yake limekaliwa, 0 maana yake liko wazi. Baiti moja ina biti 8, kwa hiyo baiti moja ya ramani inasimamia megabaiti 1 ya video, na gigabaiti zako 58 zimesimamiwa na kilobaiti 58. Hizo ndizo zilizogeuzwa kuwa sifuri. Kisha kwenye orodha ya folda, mstari wa video hiyo una alama ya kwanza inayosema uko hai, ambayo ni biti moja, nayo ikazimwa. Jina limo, ukubwa umo, nambari ya fungu la kwanza imo. Kilobaiti 58 ni ndogo kuliko picha moja ya simu, na kwa kuandika kiasi hicho kompyuta ikakuonyesha kwamba saa nzima za hina, nyimbo, na wanawake waliovua buibui zao wakijua wako peke yao, havipo tena.

FAT32 ya kadi ndogo hufanya vile vile kwa njia ya kizamani zaidi: inafuta herufi ya kwanza ya jina na kuweka alama maalumu mahali pake. Programu za zamani za kurejesha zilikuwa zinakuonyesha ?INA.MP4 na kukuuliza herufi ya kwanza ilikuwa gani.

Nililijua hili kwa kitabu miaka mingi kabla sijalijua kwa moyo. Nilinunua laptopu ya mkono wa pili hapa Malindi, safi kabisa, Windows imewekwa upya, kwenye kioo hamna faili hata moja. Siku moja nilifuta masomo yangu kwa bahati mbaya, nikaendesha programu ya kurejesha, na kabla ya masomo yangu zikaanza kutoka picha za familia nisiyoijua. Watoto, sebule, mama amejifunga khanga akinyonyesha. Niliizima pale pale nikaandika sifuri diski nzima usiku ule, na masomo yangu nikayaandika upya kwa mkono. Tangu hapo kila mwanafunzi wangu ninamfundisha kufuta kabla sijamfundisha kuhifadhi.

Turudi kwako. Kwanza jiulize nakala zimebaki wapi, maana diski hii ni mahali pamoja tu. Ulisema uliihamisha kutoka laptopu. Kwa hiyo laptopu ilikuwa nayo, na huko pia lilikatwa jina tu. Programu uliyoitumia kuunganisha video huweka folda yake ya akiba yenye nakala nyepesi za kila kipande ulichokihariri. Ifungue kwenye mipangilio yake uifute. Windows yenyewe hutunza picha ndogo za video ulizopitia folda zake, na picha hizo hubaki hata video ikiondoka. Tumia zana ya kusafisha diski, uchague picha ndogo. Kadi ya kamera. Simu, kama ulimtumia mtu kipande cha kuonja kwa WhatsApp. Kaa na karatasi uandike mahali pote.

Diski ya kuuza ni rahisi kuliko zote. Hamisha kwanza kazi za wateja wengine kwenye diski mpya, uzifungue moja moja uhakikishe zinacheza. Kisha ifomati, lakini kwenye dirisha la kufomati ondoa tiki ya kufomati haraka. Tiki hiyo ndiyo mtego: kufomati haraka kunaandika rejesta mpya tupu na kuacha vipande kama vilivyo. Ukiiondoa, Windows, tangu Vista, huandika sifuri kwenye kila kipande cha diski. Kwa diski ya kuzunguka, ile ambayo ukiishika unahisi inatetemeka kiganjani, kuandika mara moja kunatosha. Yale maneno ya kuandika mara 7 au mara 35 ni ya diski za enzi nyingine. Kwa kasi uliyonieleza itachukua saa tisa hadi kumi. Kama diski na laptopu vina tundu la haraka, ambalo mara nyingi ni la buluu, zinaweza kushuka hadi saa tatu. Chomeka chaja, izuie laptopu isilale, na umeme ukikatika ukaizimisha kazi katikati, anza upya.

Laptopu huwezi kuifomati ukiwa unaitumia, basi hapo unafuta nafasi iliyo wazi. Fungua dirisha la amri uandike cipher /w:C:\ na uiache; inajaza nafasi wazi ya diski yenye NTFS kwa sifuri, kisha kwa moja, kisha kwa nambari za kubahatisha, bila kugusa mafaili yaliyo hai. Ikiwa ndani ya laptopu kuna diski isiyozunguka, ya SSD, Windows huiarifu vipande vikifutwa na diski yenyewe huvisafisha baadaye kwa wakati wake. Hilo linasaidia sana, ila usiichukulie kuwa ni dhamana. SSD ukitaka kuiuza, tumia programu ya kufuta ya kiwanda kilichoitengeneza.

Kadi ya kamera ifomati, kisha iweke kamera kwenye tripodi ielekee baharini, irekodi mawimbi mpaka kadi ijae, uifomati tena. Kadi huwa na vipande vya akiba ambavyo kamera haivifikii, kwa hiyo mabaki machache yanaweza kubaki ndani yake ambayo programu za kawaida haziyaoni. Kwa sababu hiyo mimi kadi siuzi wala sigawi. Ikichoka naivunja.

Na kwa diski mpya, kabla hujaweka hata harusi moja, ifunge kwa nywila yote nzima. Windows ya Pro ina programu ya kufunga diski iitwayo BitLocker; kama yako ni ya nyumbani (Home), VeraCrypt hufanya kazi hiyo hiyo, nayo ni bure. Kila kipande kitaandikwa kwa fumbo, na ikiibiwa kwenye boti ya Mokowe mwizi atakuwa na diski yenye kelele tupu. Nywila iandike uiweke mahali pa siri nyumbani. Ukiisahau, si mimi wala aliyeitengeneza programu atakayekufungulia.

Ukimaliza diski ya kuuza, ijaribu mwenyewe kabla mnunuzi hajafika. Pakua PhotoRec, programu ya kurejesha mafaili, ni ya bure. Programu hiyo haiangalii majina wala orodha. Inapita kipande kwa kipande ikitafuta umbo la mwanzo wa video na picha. Iache imalize diski nzima. Ikitoka na faili hata moja la zamani, rudia kufomati. Ikitoka mikono mitupu, mpigie bibi harusi, umwambie kwamba siku ile ulikuwa umefuta jina tu na hukujua, na kwamba leo umefuta video yenyewe, kwenye diski, kwenye laptopu na kwenye kadi. Mtajie kila mahali ulipopitia, na umuulize kama nakala yake mwenyewe imekaa salama.